Zawadi ya Mkubwa na Fungu la Wadogo



Liko swali ambalo sisi Wakristo tumezoea kuwaachia wanasiasa, nalo ni hili: je, taifa dogo na maskini laweza kuwa rafiki wa taifa kubwa, likapokea msaada wake, na bado likabaki na haki ya kusema hapana? Wengine watasema hayo ni mambo ya mabalozi na mawaziri, hayauhusu mtaa mdogo ulioko kando ya Mto Rufiji. Mimi sikubali. Sisi watu wa Mloka tumezungukwa na kazi za mataifa. Reli waliyoijenga Wachina pamoja na ndugu zetu yapita upande wa kaskazini magharibi, na stesheni yake ya Fuga ndiyo njia ya kwenda bwawani. Bwawa lenyewe, juu yetu mtoni, limejengwa na makampuni ya Misri. Watalii wa Ulaya na Marekani hupita hapa kwenda lango la Mtemere. Na mafuriko ya mwaka 2024 yalipowaondoa watu mashambani na majumbani huku Rufiji na Kibiti, waliosimama kwenye mstari wa kupokea unga hawakuhitaji kufundishwa maana ya kuutegemea mkono wa mtu mwingine.

Tuanze na Maandiko. Katika Mwanzo, sura ya 14, twasoma habari za Abramu alipotoka na watu wake 318, akawapiga wafalme waliomteka Lutu, akarudi na mateka na mali. Mfalme wa Sodoma akamlaki, akamwambia ajitwalie mali, amrudishie watu tu. Abramu akakataa. Hakutaka hata uzi, hata gidamu ya kiatu, asije mfalme yule akajisifu baadaye kwamba ndiye aliyemtajirisha Abramu. Lakini siku hiyo hiyo alikuwa amepokea mkate na divai kwa Melkizedeki, mfalme wa Salemu, wala hakuona haya. Kwa hiyo Abramu hakuwa mtu wa kukataa kila anachopewa. Alimtazama anayetoa, akauliza moyoni: huyu atasema nini juu yangu kesho?

Nchi yetu ilipata kuulizwa swali hilo ingali changa. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964. Wakati huo Ujerumani ilikuwa imegawanyika mbili, ya Magharibi na ya Mashariki. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya Januari, ilikuwa imeipokea Ujerumani Mashariki na ubalozi wake. Tanganyika kwa upande wake ilikuwa ikisaidiwa na Ujerumani Magharibi, hata katika kuwafundisha wanajeshi wa anga. Na Ujerumani Magharibi ilikuwa na kanuni yake, inayojulikana kwa jina la Hallstein, kwamba haitakuwa na urafiki na serikali yoyote inayoitambua ile nyingine. Basi serikali mpya ya Muungano ikajikuta katikati ya ndugu wawili wasiosemezana, kila mmoja akimwambia achague.

Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya katikati. Mwezi wa Februari 1965 aliwaruhusu Wajerumani wa Mashariki wawe na konseli kuu Dar es Salaam, si ubalozi kamili. Wa Magharibi hawakuridhika. Wakawaondoa wataalamu wao wa kijeshi mara moja. Pengine walitazamia kwamba Mwalimu angeogopa na kurudi nyuma. Badala yake aliwaambia waondoe na msaada wa serikali yao uliosalia. Inafaa tuone jambo moja hapa: hakuvunja urafiki wa kibalozi na Ujerumani Magharibi, wala hakuwatukana. Alichokataa ni msaada uliogeuzwa kuwa kamba.

Mwaka huo huo likaja jaribu kubwa zaidi. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wa Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, huku Waafrika walio wengi wakinyimwa haki yao. Uingereza ndiyo iliyokuwa na mamlaka juu ya nchi ile. Mawaziri wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Addis Ababa, wakaazimia kwamba Uingereza isipouzima uasi ule kufikia tarehe 15 Desemba, nchi zote wanachama zivunje uhusiano nayo. Kuazimia ni rahisi. Siku ilipofika, nchi zilizotimiza azimio zilikuwa chache. Tanzania ilikuwa mojawapo, ingawa ilibaki katika Jumuiya ya Madola. Mkopo wa paundi milioni 7.5 ambao Uingereza ilikuwa tayari kutupa ukazuiwa. Uhusiano ulirudishwa mwaka 1968.

Sisi Waanglikana tulikuwa na sababu ya pekee ya kuitazama siku ile kwa hofu. Mapadre wetu wengi, wauguzi wetu, na sehemu kubwa ya fedha za hospitali na shule zetu vilitoka Uingereza. Askofu wa Masasi alikuwa Trevor Huddleston, Mwingereza. Lakini balozi alipoondoka, Askofu hakuondoka. Alibaki na watu wake mpaka mwaka 1968. Serikali ilijua kutofautisha kati ya serikali nyingine na mtu aliyekuja kuhudumu, na Huddleston naye, aliyekuwa ameupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini kabla ya kuja kwetu, hakuwa mtu wa kushangazwa na msimamo ule.

Hapo ndipo wengi wetu humaliza hadithi. Tunapiga makofi, tunasema Mwalimu alikuwa shujaa, aliwaambia wakubwa hapana. Mimi nataka tukae kidogo mahali ambapo makofi hayafiki.

Paundi milioni 7.5 hazikuwa za Mwalimu. Zingekuwa barabara, visima, madarasa. Mama aliyekuwa akijifungulia kijijini kwa sababu hapakuwa na zahanati ya karibu hakuulizwa kama yuko tayari kulipa sehemu yake kwa ajili ya Rhodesia. Mvuvi wa hapa Rufiji hakuulizwa kama Wajerumani wa Mashariki wawe na konseli au wasiwe nayo. Mtu akikataa chakula kwa heshima yake mwenyewe, njaa ni yake. Mzee wa nyumba akikataa chakula kilicholetwa mlangoni, wanaolala na njaa ni watoto. Je, ana haki hiyo?

Turudi kwa Abramu, kwa maana Biblia haikuliacha jambo hili. Alipokwisha kusema kwamba hatachukua hata uzi, aliongeza neno ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Alitoa katika kukataa kwake kile ambacho vijana wake walikuwa wamekwisha kula, na pia fungu la wale waliokwenda naye vitani, Aneri, Eshkoli na Mamre. Hao, alisema, wachukue fungu lao. Yaani Abramu alikataa kilicho chake. Heshima yake hakuilipia kwa fungu la wenzake. Kila mara ninaposoma mstari huo wa 24 naona ni mgumu kuliko ule wa 23 tunaoupenda.

Basi tupime. Katika jambo la Rhodesia, naamini Mwalimu alifanya haki, ijapokuwa mafungu ya wengi yalitolewa. Sababu yangu ni kwamba hakuyatoa ili jina la Tanzania lisikike. Yalitolewa kwa ajili ya watu wengine waliokuwa wakinyang'anywa zaidi yetu. Aliye na nguo mbili ampe asiye nayo, na sisi tulikuwa na uhuru wao hawana. Tena kulikuwa na ahadi iliyokwisha kutolewa mbele ya Afrika nzima, na anayevunja ahadi kwa sababu ya mkopo ameuza kitu asichoweza kukinunua tena. Katika jambo la Wajerumani sina uthabiti huo. Ni kweli kwamba ukimruhusu mfadhili akuchagulie wageni wa nyumbani kwako, kesho atakuchagulia na chakula. Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa wao, si wetu, na wa Magharibi walikuwa wamekwisha kuchukua walichotishia kuchukua. Kuwaambia waondoe na kilichosalia kulikuwa haki ya Rais. Kama kulikuwa pia hekima, hapo wazee wawili wenye akili waweza kutofautiana na bado wakashirikiana Meza ya Bwana.

Sasa tuje kwa Wachina, kwa maana hapo ndipo swali letu linapokuwa gumu kweli. Ni rahisi kumhukumu rafiki aliyeshika kamba mkononi. Ni vigumu kumpima aliyekuja na mkono wazi.

Zambia haikuwa na bahari, na njia zake za kusini zilipita katika nchi za walowezi. Benki ya Dunia na serikali za Magharibi ziliombwa kusaidia kujenga reli hadi Dar es Salaam, zikasema haitalipa. Mwalimu alikwenda China Februari 1965. Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja kwetu mwezi wa Juni. Makubaliano yalitiwa sahihi Beijing tarehe 5 Septemba 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Urefu wake ni kilomita 1,860. Mkopo ulikuwa yuan milioni 988, hauna riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Na China ya siku zile ilikuwa maskini. Wakulima wake walikula kwa kipimo. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi ile, na wengi wamezikwa Gongo la Mboto. Waafrika nao walikufa. Sehemu kutoka Mlimba hadi Makambako, penye milima, mahandaki na madaraja marefu, wazee walioifanyia kazi huitaja kwa sauti ya chini mpaka leo.

Kuna jambo moja katika mpango ule ambalo vijana hawalijui. Mishahara na gharama za hapa nchini zililipwa kwa kuuza bidhaa za China madukani mwetu. China ilileta vitambaa, vyombo vya nyumbani na vitu vingine kwa mkopo, makampuni yetu ya serikali yakaviuza, na fedha zile zikajenga reli. Kwa hiyo mama aliyenunua bakuli la Kichina siku zile alikuwa akitia mkono katika reli, apende asipende. Sisemi lilikuwa jambo baya. Nasema zawadi ya taifa kubwa haiji peke yake kamwe. Hata ile iliyo njema huja na mabakuli yake, na viwanda vidogo vya nyumbani huyatazama mabakuli yale kwa wasiwasi.

Je, China ilitununua? Watu wa Magharibi walisema hivyo. Walionyesha tarehe 25 Oktoba 1971, China ilipopewa kiti chake katika Umoja wa Mataifa, na balozi wetu kijana, Salim Ahmed Salim, akashangilia mle ukumbini mbele ya Wamarekani walioshindwa. Lakini Tanzania ilitaka China iwe na kiti chake kabla reul moja haijalazwa chini. Na ushahidi bora zaidi ni Angola. Mwaka 1975 China ilikisaidia chama cha FNLA. Tanzania ikaitambua serikali ya MPLA, iliyosaidiwa na Urusi, ambayo China ilichukizwa nayo. Reli ilikuwa bado haijakabidhiwa. Tulisema hapana tukiwa bado tunapokea, na mafundi hawakuondolewa. Mwaka 1981 Salim alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu, na wengi walisema ni kwa sababu ya furaha ile ya mwaka 1971. China nayo ikamzuia Kurt Waldheim mara kwa mara kwa ajili ya Salim, mpaka wote wawili wakakaa kando na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Tazameni jinsi wadogo wanavyokumbukwa na wakubwa: mmoja kwa kinyongo, mwingine kwa fadhili, na katika yote mawili mdogo hakupata kiti.

Kwa kipimo cha kuruhusiwa kusema hapana, basi, urafiki wa China ulikuwa safi kuliko ule wa Ujerumani. Lakini kuna kipimo kingine ambacho Mkristo hawezi kukiacha, na hiki kinatuhusu sisi zaidi kuliko serikali. Katika 2 Wafalme, sura ya 16, Ahazi mfalme wa Yuda alipoogopa adui zake alipeleka fedha ya hekalu kwa mfalme wa Ashuru, akajiita mtumishi wake na mwana wake. Akaokolewa. Kisha akaenda Dameski kumlaki mwokozi wake, akaona huko madhabahu iliyompendeza, akapeleka mfano wake kwa kuhani Uria, na kuhani akaijenga. Hatusomi kwamba mfalme wa Ashuru alimwagiza Ahazi kujenga madhabahu. Shukrani yenyewe ilimpeleka huko. Kuhani naye hakuuliza neno.

Miaka ile reli ilipoanza kujengwa, makanisa ya China yalikuwa yamefungwa. Tangu mwaka 1966, katika kile walichokiita Mapinduzi ya Utamaduni, Biblia zilichomwa, mapadre na wachungaji walipelekwa vifungoni na katika kazi za sulubu, na ibada ya hadhara haikurudi mpaka mwaka 1979. Ndugu zetu katika Kristo walikuwa wakiteswa na serikali ile ile iliyokuwa ikitujengea reli bila riba. Kila aliyekuwa mtu mzima siku zile na ajiulize ni mara ngapi alisikia Wakristo wa China wakiombewa kanisani kwake. Hakuna mkataba uliotukataza. Hakuna Mchina aliyekuja kusikiliza sala zetu. Maskini mwenye shukrani hujifunga mdomo mwenyewe, na kwa sababu hakufungwa na mtu hudhani kwamba yu huru.

Wala tusidhani kwamba wakubwa ni Wachina na Wazungu tu. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, serikali yetu iliamua kulijenga kwa fedha zetu wenyewe. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilipinga, na wengine wengi wa nje. Serikali ikasema hapana, kama mwaka 1965. Nchi nzima yafurahia umeme, nami nafurahi. Lakini mkulima wa mlau aliye chini ya bwawa, ambaye maisha yake yote amepanda katika matope yaliyoachwa na maji yanapopungua, yeye ni Aneri au Eshkoli wa hadithi hii. Mto sasa wafungwa na kufunguliwa kwa amri. Mafuriko ya mwaka 2024 yalipokuja, serikali ilisema ni mvua, na mvua kweli ilikuwa kubwa. Wako wakulima waliolitazama bwawa. Sitaki kuwahukumia. Nauliza tu fungu lake linahesabiwa na nani, na katika kikao gani.

Kanisa letu nalo limo. Desemba 2006 maaskofu wa Kanisa Anglikana la Tanzania walitangaza kwamba hawatapokea fedha kutoka dayosisi za Marekani walizotofautiana nazo katika mafundisho ya ndoa na uchungaji. Watu walisifu, wengine walilaumu. Kwa swali letu la leo, linalonigusa ni lile lile la mstari wa 24: zahanati au shule iliyokuwa ikitazamia fedha zile, je, ilielezwa? Je, sisi tuliobaki tulitoa sadaka zaidi ili pengo lisiwaangukie wagonjwa peke yao? Askofu akikataa fedha kwa ajili ya imani na waumini wake wasiongeze hata shilingi katika kikapu, kukataa kule kumelipiwa na mgonjwa.

Mwezi wa Septemba 2024, huko Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia hati ya makubaliano ya kuifufua reli ya TAZARA, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imechakaa. China ya sasa si ile iliyokula kwa kipimo. Ni moja ya mataifa mawili makubwa kuliko yote, na huja na makampuni yanayotafuta faida. Ni haki yao, kwa maana biashara si dhambi. Lakini ndugu zetu wanaokaa kando ya reli, huko Fuga na Kisaki, wangefaa kuelezwa kwa Kiswahili chepesi ni nini kimetolewa, kwa miaka mingapi, na nini kitarudi. Ofisi ya kijiji ina ubao wa matangazo. Karatasi moja yatosha.

Na tarehe 2 Novemba, tutakapowakumbuka Marehemu Wote, ninapendekeza kwa Padre na wazee wa kanisa kwamba katika sala zetu tuwataje waliokufa wakijenga reli ile, Wachina wa Gongo la Mboto na Waafrika walio katika makaburi yasiyo na alama kando ya njia, na baada yao Wakristo wa China waliofungwa miaka ile ile. Majina yao hatunayo. Tutawataja kwa mahali na kwa miaka: 1970 hadi 1976.